Shajara ya vipeperushi, Mwanga Kigoma: gunia moja, kinu cha mama na vikopo vya mipapai

Naandika hii kwa yeyote anayetaka kuiga, awe Tabora, Kasulu au popote. Ntakua naongezea kila hatua ikiisha. Nina steshenari ndogo hapa Mwanga, fotokopi, kulamineti, kuwaandikia watu barua za maombi, kwahiyo nikiri mapema kwamba sehemu ya takataka ninazozisema humu nimezichapa mwenyewe.

10 Februari 2024: Kuhesabu

Kila asubuhi nikifungua duka nakuta vipeperushi vimesukumwa chini ya mlango, vinne, vitano, siku nyingine tisa. Mikopo ya chap chap, shule za bweni, dawa za nguvu, mkutano wa injili, viwanja vya bei chee. Wenzetu wa Ulaya na Marekani hivi vitu vinawafikia kwenye boksi la barua mlangoni. Posta ya Marekani peke yake inabeba matangazo zaidi ya bilioni 50 kwa mwaka, mengi yanatoka kwenye boksi yanaingia kwenye pipa bila kusomwa. Sisi barua zetu zinaishia kwenye S.L.P., mtu wa posta hapiti nyumba kwa nyumba, kwahiyo tangazo hapa linaletwa na dogo mwenye begi mgongoni. Hiyo tofauti ishike, maana niliisahau na ikanipotezea mwezi mzima.

(SMS za matangazo najua zinakera zaidi, ila hazizibi mtaro.)

Nilichofanya ni rahisi, nikanunua gunia tupu la sh 1,000 na kwa wiki 2 nikakusanya kila kipeperushi kilichoingia dukani kwangu, kwa majirani 6 na kwenye mtaro kuanzia dukani mpaka kwenye kalvati. Jumla karatasi 1,312. Za kung'aa 894, za fotokopi ya kawaida 418.

Kama huna mzani unaweza kukadiria. Karatasi ya kung'aa ya gramu 130 (yani uzito wa mita moja ya mraba), ukubwa wa A5, nusu ya A4, moja ina gramu 4 na kidogo, kwahiyo elfu moja ni kilo 4. Ya fotokopi ya gramu 80 saizi hiyohiyo ni gramu 2 na nusu. Nilipopeleka gunia kwa jirani anayepima dagaa mzani ukasoma kilo 4.6, hesabu ilikua imelala vizuri tu.

Kitu kimoja nilikiandika kwenye daftari nikakipita. Kati ya zile 894 za kung'aa, 602 nilizikuta chini ya kalvati zikiwa bado zimefungwa mpira, mabunda kwa mabunda, hazijawahi kuguswa na mkono wa mteja. Nikaandika "mpira" nikaendelea na mambo mengine. Nilitakiwa nisimame hapohapo.

25 Februari: Stika ya HAPANA (imefeli)

Binamu yangu anaishi Uholanzi. Aliniambia kule watu wanabandika kwenye boksi la barua stika ya NEE, maana yake hapana, na mletaji haruhusiwi kuweka tangazo lisilo na jina lako. Nikaona hii si ndo yenyewe. Nikachapa stika 40 za HAPANA VIPEPERUSHI TAFADHALI kwenye karatasi za gundi, A4 moja inatoa stika 8, A4 5 kwa sh 1,500 jumla 7,500. Nikagawa kwa majirani.

Ndani ya wiki mbili mambo matatu yakaniangukia kwa pamoja.

La kwanza ni la kijinga, printa yangu ni ya wino wa maji na mvua za mwaka huu mnazijua, HAPANA ikawa doa la bluu. Ukichapa kitu cha kukaa nje tumia mashine ya tona (wino wa unga) au piga rangi moja kwa moja.

La pili, nilimsubiri dogo wa vipeperushi asubuhi nikamwonesha stika. Akanijibu kwa heshima kabisa, "Bro mi nalipwa elfu tano kwa kila mia tano zikiisha, hayo ya stika mwambie bosi." Na bosi ni nani? Hamjui, alipewa mzigo na mtu aliyepewa na mtu. Stika ya Uholanzi inafanya kazi kwa sababu kuna boksi, kuna anayewajibika kupeleka na kuna wa kumlalamikia. Mimi nilibeba stika nikaacha vyote vilivyoishikilia.

La tatu, mama muuza karanga wa mlango wa pili aliibandua stika yake siku ileile. Nikamuuliza mama mbona umetoa. "Sasa we mwanangu nikikataa karatasi karanga nitafungia nini, tena hizi ngumu hazipitishi mafuta." Ukweli kabisa. Nilimweleza kwamba wino wa matangazo na magazeti unaweza kuwa na mafuta ya asili ya petroli na yanahamia kwenye chakula, hasa chenye mafuta kama karanga. Akanisikiliza mpaka mwisho, akasema "haya", akaendelea kukunja. Siku hizi ananunua karatasi za kaki lakini anazo zote mbili, sijui ipi anatumia nikiwa sipo.

24 Machi: Mkaa wa karatasi (umefeli, na kinu kimeharibika)

Hili ndo kosa langu kubwa kwahiyo ntalieleza kirefu, maana mitandaoni kila mtu anaonesha video ya briketi za karatasi na hakuna anayeonesha sufuria ikichemka.

Wazo: mkaa unapanda bei kila mvua zikinyesha, miombo inaisha, mimi nina kilo 4.6 za karatasi za bure. Unaloweka siku 2, unatwanga, unakamua kwenye kopo lenye matundu, unaanika, unawasha. Seremala akanitengenezea mkandamizo wa mbao kwa 10,000.

Kutwanga nilitwangia kinu cha mama. Usifanye hivyo. Mama alikuja kutwanga kisamvu cha futari akakuta kinu kinanuka wino na pembeni kuna rangi ya waridi, na tulikua siku za mwanzo za Ramadhani, yani mtu amefunga na hasira ina nafasi ya kutosha. Hakunigombeza. Alikiweka kinu mlangoni kwa chumba changu akaondoka. Kinu kipya sh 18,000, hicho cha zamani ndo kikawa cha mradi.

Mambo ya kukagua kabla ya kuloweka: toa pini zote, na zilizolaminetiwa weka pembeni kabisa, ukiziloweka hata mwezi zinatoka vilevile, maji hayapiti plastiki. Mimi niligundua baada ya kutwanga, ikawa kazi ya kuchambua vipande vya plastiki kwenye uji kama mtu anayetoa mawe kwenye mchele.

Kuanika ndo balaa. Siku 9 bado mbichi ndani, zikaota ukungu wa kijani, nikazihamishia juu ya bati kila jua likitoka dakika ishirini. Mpaka zinakauka ni siku ya 13.

Siku ya jaribio nikabandika maharage ya futari. Briketi 14 zimekwisha na maharage bado yanagonga meno, moshi umejaa uani, jiko limejaa majivu meupe mpaka hewa haipiti. Mama akachukua mkaa wake akamalizia. Tulifuturu kwa uji na tende, maharage tukala daku.

Baadae ndo nikaelewa. Ile karatasi inayong'aa imepakwa udongo mweupe, kaolini, na chokaa ili picha itoke vizuri. Huo udongo unaweza kufika theluthi ya uzito wa karatasi na hauungui. Yani nilikua napikia ukuta uliopakwa chokaa. Briketi za fotokopi tupu ziliwaka afadhali, lakini karatasi ya fotokopi iliyochapwa upande mmoja kuichoma ni hasara, nilizikata nikazibana na pini nikatoa madaftari 14 ya kuandikia madeni, wenye maduka wakayanunua sh 500 moja. Jumla 7,000, pesa ya kwanza ya mradi.

19 Mei: Vikopo vya miche, jaribio la 1 na la 2

Bibi anayekaa nyuma ya duka anaotesha miche ya mipapai na michikichi kwenye viriba. Alinikuta namwaga uji wa karatasi zilizobaki akaniambia "mjukuu wangu usimwage, udongo unakula kila kitu, nitengenezee vikopo." Na ni kweli, kile kilichoniangusha jikoni, kaolini na chokaa, ardhini hakina shida, tayari ni udongo.

Gunia la kwanza lilikua limeisha kwenye briketi, nikakusanya jingine, safari hii fotokopi sikuzikatia madaftari zote.

Jaribio la 1. Nikaona uji unaachana nikachanganya unga wa muhogo uliopikwa kama gundi, kilo 2 sh 3,000. Vikopo 60 vilitoka vigumu, vizuri, nikajipiga picha navyo. Usiku wa kwanza panya. Asubuhi kuku wa jirani. Siku ya nne vimebaki 19. Kiukweli niliwatengenezea ugali mkavu nikaupanga mstari.

Jaribio la 2. Bila muhogo, nikakamua kwa mkono tu. Panya hawakugusa, ila bibi alipomwagilia mara ya tatu vikafumuka, udongo ukamwagika na mche ukalala. Bibi akasema "hivi vimechoka kabla ya kufanya kazi."

30 Juni: Jaribio la 3, hili limekubali

Kiangazi kimeingia na hilo peke yake ni nusu ya kazi. Mabadiliko niliyofanya:

Fotokopi moja kwa kila tatu za kung'aa. Karatasi ya fotokopi ina nyuzi nyingi na udongo kidogo, nyuzi ndo zinashikana. Na usitwange mpaka iwe laini kama uji wa mtoto, nyuzi zinakatika, acha uone vinyuzi ukiinua kwa kidole. Ndo maana hata viwandani karatasi hairudiwi milele, kila ikizungushwa nyuzi zinafupika na baada ya mara kama 5 mpaka 7 hazifai tena.

Kopo ndani ya kopo. Chukua kopo kubwa la maziwa ya unga, toboa matundu pembeni, tandika kitambaa, weka uji, alafu sukuma kopo dogo la nyanya katikati na uweke jiwe juu usiku mzima. Mkono hauwezi kukamua hivyo. Ule mkandamizo wa 10,000 umelala, ila jiwe la bure linafanya kazi.

Unene uwe kama kidole kidogo. Toboa chini kwa msumari kabla hakijakauka, ukisubiri kikauke kinapasuka. Jua siku 3.

Kikopo kimoja kinakula karatasi gramu 40 hivi, kwahiyo kilo 4.6 ingetoa vikopo 115 kama kila kitu kingeenda sawa. Mimi nimetoa vizima 78.

Vinafaa wapi sasa. Vilidumu kama wiki 6 kwa kumwagilia kila siku, alafu vinaanza kuachia. Mchikichi hapana, ule unakaa kitaluni miezi na miezi. Mpapai ndo wenyewe, kwa sababu haupendi kusumbuliwa mizizi, unauhamishia shambani na kikopo chake. Bibi kachukua 16 bure (ni haki yake), vingine 62 nimeuza sh 100 kimoja, 6,200. Mboga za majani sipandi humo. Rangi za bluu na kijani kwenye wino zina shaba, kidogo, lakini mchicha unaliwa mwezi huohuo na sioni sababu ya kubahatisha.

Kiriba cha plastiki ni rahisi kuliko kikopo changu, na hakikuombi umtafutie mama kinu kingine. Nasema ili mtu asije akaingia huku akidhani ni biashara.

21 Julai: Kurudi kwenye mpira

Mteja wangu mmoja mwenye shule ya awali alikuja kuagiza flaya 1,000 kama kila mwaka. Mimi huwa napeleka oda Mwanza kwenye mashine ya ofseti, mzigo unarudi na basi na mimi nakata kamisheni ya 15,000. Sijui nini kilinituma nikamuuliza dada za mwaka jana ziliisha? Akacheka, "ziko boksi zima stoo, nyingine nilimpa kijana azigawe."

Pale ndo nikakumbuka daftari. 602 kati ya 894. Miezi mitano nahangaika na karatasi zilizofika chini na theluthi mbili hazikua zimekusudiwa kumfikia mtu yeyote.

Sababu ni mashine. Ofseti inahitaji pleti nne (mabamba ya kuchapia, moja kwa kila rangi), bluu, waridi, njano na nyeusi, na karatasi za kupoteza mpaka rangi zikae sawa. Gharama yote iko kwenye karatasi ya kwanza, ya elfu moja ni kama bure. Ukiuliza bei ya 300 na bei ya 1,000 tofauti ni ndogo kiasi kwamba kila mtu mwenye akili anachukua 1,000. Alafu anazo 1,000, mahitaji ni 200, anampa dogo anayelipwa zikiisha, na dogo naye ana akili, zinaishia chini ya kalvati. Hakuna mjinga hata mmoja kwenye huo mnyororo, mimi na kamisheni yangu tukiwemo.

Tulichokubaliana na yule dada, na baadae wateja wengine 4:

Flaya 200 tu, nyeusi na nyeupe, nachapa hapahapa dukani, mbili kwenye A4 moja, A4 100 kwa sh 100, jumla 10,000. Kamisheni ya 15,000 nimeikosa, faida ya fotokopi ni kidogo, sitaki kujifanya shujaa lakini inauma.

Dogo halipwi tena kwa zilizoisha. Analipwa 5,000 kwa kupita milango ya NDIYO na zilizobaki anazirudisha. Hii NDIYO nimeitoa tena kule kwa binamu. Amsterdam mwaka 2018 waligeuza utaratibu, badala ya asiyetaka kubandika hapana, anayetaka ndo anabandika JA, maana yake ndiyo, usipobandika huletewi, na kampuni ikikaidi inapigwa faini. Wachapaji walikwenda mahakamani mpaka mahakama ya juu na mji ukashinda. Kwangu ilikaa vizuri kwa sababu nyingine kabisa: hapa wanaotaka vipeperushi ni wachache na wanajulikana. Mama wa karanga anataka. Fundi viatu anataka, anakatia ramani za soli. Nimezunguka na kopo la rangi la 6,000 nikapaka N ndogo kwenye milango 57 ya waliosema ndiyo. Mvua ikirudi haifutiki.

Na ubao wa matangazo ukutani kwangu, tangazo moja la A3 sh 1,000 kwa wiki. Mwenyekiti wa mtaa nilimpelekea salamu kwanza, shikamoo mzee, nikamweleza, akauliza kama na matangazo ya mtaa yatakaa bure. Yatakaa bure.

1 Septemba: Kuhesabu tena

Wiki 2, njia ileile, duka langu, majirani walewale 6, mtaro mpaka kalvati. Jumla 847. Kutoka 1,312.

Ukiangalia ndani ni tofauti. Zilizotawanyika kawaida ni 497, na za wateja wangu 5 humo ni 11 tu. Nyingine 350 ni mabunda mapya yenye mpira, yote ya kampuni moja ya mikopo, yamechapwa Dar, yameshushwa stendi na dogo mwingine simjui. Yule wa kwetu anasema alipewa ofa akakataa kwa sababu hawarudishiwi zilizobaki. Nimemwamini nusu.

Hesabu mpaka leo. Matumizi: gunia 1,000, stika 7,500, mkandamizo 10,000, kinu 18,000, muhogo 3,000, rangi 6,000, jumla 45,500. Mapato: madaftari 7,000, vikopo 6,200, ubao 19,000, jumla 32,200. Nimepoteza 13,300 na kamisheni 5 za 15,000 ambazo siziandiki kwenye jedwali kwa sababu mke wangu anasoma hii.

Mipapai ya bibi imefika kiunoni, 13 kati ya 16.

Kuhusu ile kampuni ya mikopo, jana niliwapigia kwa namba iliyoko kwenye kipeperushi chao, niwaeleze habari ya mabunda na milango ya N. Dada aliyepokea alinisikiliza vizuri mpaka nikamaliza, akasema "asante kwa kutupigia kaka", alafu akaniuliza nahitaji mkopo wa shilingi ngapi.